Wimbo Ukiingia Kwenye Picha, Mwenye Wimbo Asiachwe Mlangoni

Barua ya wazi kwa Wizara ya Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, kwa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), Bodi ya Filamu Tanzania na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA)

Yah: Nyimbo, vichupa (video za nyimbo) na filamu

Waheshimiwa,

Mbukwenyi. Nawaandikia kutoka Makole, hapa hapa Dodoma, kwenye chumba chenye feni moja na kompyuta mbili. Kazi yangu ni kuhariri picha. Nahariri harusi, nahariri kwaya, nahariri vichupa vya vijana wa Bongo Fleva wa mjini na wengine wanaotoka Kongwa na Mpwapwa, na zikija, nahariri filamu. Wizara iko Mtumba, safari ya daladala tu kutoka kwangu, na ningeweza kuja na bahasha mkononi. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe linagusa meza nne, na sote tunajua jambo la meza nne likipelekwa kwa mkono huwa linalala kwenye meza ya kwanza.

Jambo ni hili. Wimbo, kichupa chake, na filamu itakayokuja kuutumia wimbo huo ni kazi zinazozaana. Kwetu tunaozitengeneza hazina ukuta katikati: mtu yule yule aliyeshika kamera kwenye kichupa Jumamosi ndiye anayeshika kamera kwenye filamu Jumatatu, na sauti ile ile inahamishwa kwa fleshi kutoka faili moja kwenda jingine. Kwenye karatasi na kwenye malipo, hata hivyo, ni kazi tatu mbalimbali, na kila wimbo unapovuka kutoka moja kwenda nyingine kuna watu wanaoachwa ng'ambo. Wanaoachwa si wale mnaowakabidhi tuzo. Ni mama wa muheme, ile ngoma ya Wagogo, ni mpiga zeze, ni mwalimu wa kwaya.

Naomba niwapeleke kwanza mlimani, tunakoshutia.

Siku ya kushuti kichupa msanii haimbi, anaigiza kuimba. Wimbo ulishamalizwa studio. Unapigwa kwa spika iliyowekwa juu ya jiwe, naye anafuatisha kwa midomo. Dairekta akitaka ile picha ya taratibu, kitenge kinapepea polepole huku midomo ikienda sawa na maneno, anaweka kamera ishike picha 50 kwa sekunde badala ya 25, na wimbo unapigwa kwa kasi mara mbili. Ukipita njia ukasikia, utadhani watu wanafanya mzaha: sauti nyembamba ya kitoto inatoka kwenye spika na kijana wa watu, kwenye jua la saa saba, anahangaika kuikimbiza midomo yake. Mimi baadaye nikishusha mwendo ukawa nusu, midomo inarudi mahali pake na kila kitu kingine kinatembea kama kiko ndani ya maji. Watazamaji wanapenda sana. Hawajui kijana alivyotoka jasho.

Nimelieleza hilo kwa sababu linaonyesha nani bosi. Kwenye kichupa bosi ni wimbo. Picha inakimbizwa au inacheleweshwa ili imtii, na mimi nakata pale mdundo unapopiga, hata kama sura ya mtu ilikuwa bado haijamaliza kutabasamu. Kwenye filamu mambo yanageuka: bosi ni mazungumzo, na wimbo mzuri kuliko yote nitaushusha mpaka ubaki mnong'ono ili mama mkwe asikike anavyosema. Wimbo ni ule ule, ila kazi unayofanya ni nyingine, na thamani yake ni nyingine. Mkataba ulioandikwa kwa ajili ya kichupa haujui chochote kuhusu filamu. Hapo ndipo pa kuanzia.

Sasa mtazame pembeni ya kamera. Madairekta wanaotoka Dar es Salaam wanaipenda Dodoma kwa mawe yake, mibuyu, mashamba ya zabibu, na kile wanachokiita "ngoma ya asili". Wanatafutwa akina mama kutoka kijiji cha Chamwino au Bahi. Wanakuja na shanga zao, wanabana muheme katikati ya mapaja, mmoja anaanzisha, wengine wanadakia, na kwa dakika chache hata vijana wa taa wanasahau kazi. Wanalipwa nauli, wali, na kitu kidogo cha kugawana. Hakuna anayesaini karatasi. Kwenye kichupa wataonekana sekunde chache, katikati ya ubeti wa pili.

Ila kamera ile inashika na sauti. Prodyuza akija kusikiliza, anasema huu mdundo ni moto, anaukata, anauzungusha, anaulaza chini ya biti. Wimbo unapendwa. Kisha mtengeneza filamu anauomba kwa ajili ya mwanzo wa filamu yake, na anamlipa msanii, maana ndiye anayejulikana. Filamu inakatwa tangazo, na muheme umo. Mwisho kituo kimoja cha televisheni, ambacho sitakitaja, kinachukua kipande kile kile kifungue kipindi chake cha mambo ya mikoani. Mimi nilikisikia nikiwa kwa kinyozi. Niliutambua mdundo kwa sababu niliuhariri mwenyewe, na mama mmojawapo anauza mboga Majengo, namwona karibu kila wiki. Nilipomweleza alicheka akaniuliza, "Mwanangu, sasa hiyo televisheni iko wapi niende nikaisalimie?" Nikawapigia simu wale jamaa. Wakanijibu kwamba wao walipewa na mtengeneza filamu. Mtengeneza filamu alikuwa amepewa na msanii, na msanii na prodyuza. Kila mmoja alikuwa na jibu, na kwa kweli kila mmoja aliamini jibu lake.

Hilo si la Dodoma peke yake wala si la leo, kwa hiyo mniruhusu nitoke nje kidogo.

India walipata filamu yao ya kwanza yenye sauti mwaka 1931, na ilikuwa na nyimbo saba. Tangu hapo filamu ya Kihindi na wimbo ni mwili mmoja. Wimbo hutangulia sokoni, unaimbwa mitaani kabla picha haijafika, na ndio unaojaza viti. Sisi huku pwani na bara tulizipokea filamu hizo miaka mingi, na watu wa taarab wanajua ni nyimbo ngapi zao zilivaa maneno ya Kiswahili juu ya sauti ya Bombay. Anayeonekana kwenye picha zile akiimba, hata hivyo, kwa kawaida siye anayeimba. Mwimbaji yuko studio. Lata Mangeshkar, aliyefariki 2022, ametoa sauti kwa waigizaji wa vizazi kadhaa, na mwanzoni kulikuwa na santuri zilizotoka zikiwa na jina la mhusika wa kwenye filamu, jina la aliyeimba halipo. Mtu wa kubuniwa anatajwa, na mwenye koo hatajwi! Lata alipigania majina yaandikwe, akapigania na mirabaha, yaani malipo ya kila kazi inapotumika.

Ilichukua muda mrefu. Mwaka 2012 Bunge la India lilirekebisha sheria yao ya hakimiliki likasema hivi, kwa maneno yangu: mtunzi wa mashairi au wa muziki uliotiwa kwenye filamu hawezi kuuza wala kusamehe haki yake ya kupata mirabaha pale wimbo unapotumika nje ya jumba la sinema, na mgawo wake ni sawa kwa sawa na yule aliyemuuzia haki. Hata akisaini kwa njaa, saini ile haimwondolei fungu lake. Mmoja wa waliolipigania jambo hilo alikuwa Javed Akhtar, mwandishi wa filamu na wa mashairi ya nyimbo, akiwa ameketi ndani ya Bunge lenyewe. Walielewa kwamba filamu inakwisha kuonyeshwa baada ya wiki chache, na wimbo unabaki redioni, harusini na kwenye simu miaka arobaini.

Marekani njia ilikuwa nyingine. MTV ilipofungua matangazo tarehe 1 Agosti 1981, kampuni za rekodi ziliwapa video bure, kwa kuwa video ilihesabiwa kuwa tangazo la santuri, na tangazo halidai malipo. Fikra hiyo tumeirithi bila kuikagua. Mikataba ya vichupa ninayoiona mezani kwangu bado inakichukulia kichupa kama tangazo la wimbo: msanii analipa, dairekta anashuti, basi. Siku hizi kichupa chenyewe ndicho bidhaa. Kikiwa YouTube kinaingiza hela kila kinapotazamwa, na mtu akitaka kipande cha kuweka kwenye filamu au tangazo anakata humo humo. Kilichokuwa tangazo kimekuwa duka, ila waliosimama ndani yake bado wanalipwa kama wapita njia.

Na msidhani sisi hatukuwahi kuuelewa ukaribu huu. Mwaka 2003 marehemu George Tyson alitengeneza filamu ya Girlfriend, akamweka mwanamuziki TID mbele ya kamera, na hadithi yenyewe ikawa ni ya vijana na muziki wao. Mpaka leo wengi wanaihesabu kuwa mojawapo ya milango iliyofungua Bongo Movie. Mwaka 2021 ikaja Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi, na taarab humo haikuwekwa kama pambo. Ukiitoa, filamu inachechemea. Filamu za namna hii zinahitaji watu wa muziki na watu wa picha wakae meza moja tangu mwanzo. Nyingi ya tunazotengeneza hatukai. Tunamaliza kushuti, tunahariri, na siku mbili kabla ya kuipeleka kazi mtu anauliza, "Muziki tunaweka gani?"

Linalowekwa mnalijua. Ni ile piano ya huzuni. Mtu kaachwa na mumewe Nkuhungu, piano. Kafukuzwa kazi, piano. Anakumbuka kijijini kwao Bahi, mbuzi wanapita nyuma, jua linazama, na bado piano ile ile iliyopakuliwa mtandaoni. Nimeomba mara nyingi tuweke zeze. Jibu ninalopewa lina mantiki, na ndilo linaloniudhi zaidi: piano ya mtandaoni ina maelezo ya nani mwenye nayo na masharti ya kuitumia, na zeze la Dodoma halina.

Maana kuutumia wimbo kwenye picha kunataka ruhusa mbili. Kuna ya aliyetunga, maneno na sauti, na kuna ya mwenye rekodi, yaani aliyegharamia au anayemiliki ule upigaji ulionaswa. Ukipata moja hujapata nyingine. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayetengeneza filamu fupi ya dakika kumi, bajeti yake ni hela ya kula ya mwezi, atawapata wapi hawa wawili? Rekodi ikiwa na ile namba ya kimataifa ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, angalau kuna pa kuanzia. Nyingi za hapa kwetu hazina. Akiuweka bila ruhusa, YouTube tangu 2007 ina mtambo unaotambua sauti. Mtambo ukiukuta wimbo, mapato ya filamu yanaweza kuelekezwa kwa aliyeusajili, au filamu ikafungwa kabisa. Na aliyeusajili si lazima awe aliyepiga. Nimeona rekodi ya ngoma yetu ikidaiwa na mtu ambaye hajawahi kufika hata Morogoro.

Tofauti ya kuwa na karatasi na kutokuwa nayo tunaijua vizuri katika Ugogo. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alirekodi na kampuni ya Real World ya Uingereza, na ingawa alifariki 2003 rekodi zake zina anwani. Mtengeneza filamu popote duniani akizitaka anajua abishe hodi wapi. Pendo na Leah Zawose walipotoa albamu yao mwaka 2024, nayo ni hivyo hivyo. Ila kwa kila Zawose kuna vijiji na vijiji vya watu wanaopiga kwa ufundi ule ule, ambao sauti zao ziko kwenye memori kadi za watu kama mimi, hazina jina wala tarehe.

Niseme na habari za kwaya, maana ndizo zinazolipa kodi ya chumba changu. Kabla kijana yeyote wa Dodoma hajajua kushuti kichupa, kwaya zilishakuwa zinashuti. Kanda za VHS, kisha VCD: sare mpya, hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto, bustani ya maua, reli, mawe, na lazima kuwe na mmoja anayetazama mbali mkono ukiwa kifuani. Mnaweza kucheka, ila hiyo ndiyo shule ya kwanza ya video ya wimbo kwa watu wengi wa nchi hii, na waliolipa ada ni waumini, kwa kununua kanda ili kanisa lipauliwe. Mwalimu wa kwaya ndiye mtunzi. Anatunga usiku, anafundisha sauti nne kwa mdomo na noti za do-re-mi ubaoni, hapewi kitu, na hadai. Akihamishwa kikazi kwenda mkoa mwingine, wimbo unabaki na kwaya, jina lake linaondoka naye.

Halafu tazameni filamu zetu. Kila msiba una wimbo wa kwaya. Jeneza linatoka, wimbo unaingia, mtazamaji analia. Nani alimwomba mwalimu yule? Nimehariri misiba mingi ya filamu na sijawahi kuletewa kibali cha wimbo wa maziko. Nikiuliza, naambiwa, "Ni wimbo wa Mungu huo." Sawa, ila filamu ni ya biashara.

Sasa upande wenu. Sheria mnayoisimamia kwa filamu ni ya mwaka 1976, Namba 4. Ya BASATA ni ya 1984, Namba 23. Ya hakimiliki na hakishiriki ni ya 1999, Namba 7. Zimefanyiwa marekebisho, nakubali. Lakini kumbukeni ile ya kwanza ilitungwa Tanzania Bara ikiwa haina televisheni, kwani televisheni ilitufikia miaka ya 1990. Ilimwona mtu wa filamu kwenye jumba la sinema na mtu wa muziki kwenye dansi au redioni. Kichupa kilikuja baadaye kikakuta nyumba zimeshagawanywa, na mpaka leo kinalala ukumbini. Likija suala la maadili, kila ofisi inakiona ni chake, na faini haichelewi. Likija suala la nani alipwe, hapana anayekidai.

Kuna na tatizo lililo juu zaidi ya sheria zetu. Mkataba wa Roma wa 1961 unaolinda watumbuizaji una kifungu cha 19 kinachosema kwamba mtumbuizaji akisharidhia kazi yake iingizwe kwenye picha, ulinzi aliopewa katika kifungu cha 7 haumhusu tena. Fikirieni maana yake kwa mama wa muheme. Akirekodiwa sauti tu, ana pa kusimamia. Sauti ile ile ikinaswa huku anaonekana, pa kusimamia pamepungua. Mkataba wa Beijing wa 2012, ulioanza kutumika 2020, ulitungwa kuziba pengo hilo. Nawaomba wanasheria wenu wausome wakiwa na sura ya yule mama mbele yao, kisha watuambie sheria ya nyumbani itamfikia lini.

Najua mtaniambia kwamba ngoma za jadi ni mali ya jamii, na mtu mmoja hawezi kujimilikisha nindo au msunyunho. Nakubali kabisa, na ole wake atakayejaribu. Sheria ya 1999 inazitambua sanaa za jadi na kuziwekea ulinzi wake. Lakini wimbo wa jadi ni kitu kimoja na upigaji wa siku fulani, wa watu fulani wenye majina, ni kitu kingine. Sauti ya jamii yote haikuja mlimani siku ile. Walikuja akina mama wanane, na mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Upigaji ule ni wao.

Kwa hiyo ninaomba nini? Nianze na nisichoomba. Siombi kibali kingine. Siombi tozo, wala fomu ya kurasa kumi na mbili, wala semina ya hoteli. Kijana akisikia kuna ada mpya ataacha kusajili kabisa, na hapo tutakuwa tumeua tulichotaka kukiponya.

Ninaomba orodha. Kila filamu na kila kichupa kinapoletwa kwenu, kije na karatasi moja: nyimbo na midundo iliyomo, inaanza dakika ya ngapi inaisha ya ngapi, nani alitunga, nani alipiga, nani ana rekodi, na ruhusa ilitolewa na nani. Wenzetu kwenye filamu na televisheni za nje wanafanya hivyo kama jambo la kawaida, na ndiyo inayowawezesha wanaogawa mirabaha kujua nani anadai nini. Mimi mhariri naweza kuijaza kwa nusu saa, kwa kuwa kila sauti ninayoiweka naiona mbele yangu kwenye kompyuta, sekunde kwa sekunde. Isimamieni kwa ukali ule ule mnaosimamia daraja la umri. Na iwe orodha moja inayoonwa na ofisi zote, ili msanii asiandike jina la mpiga zeze BASATA na mtengeneza filamu akalisahau Bodi. Tozo ya hakimiliki kwenye vifaa imeanza tangu 2023. Siku fedha hizo zinapogawanywa, asiye kwenye orodha yoyote atapewa kwa kigezo gani?

Ninaomba mkataba wa mfano, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kueleweka na mtu aliyeishia darasa la saba. Uwe na masanduku ya kuweka alama: unaruhusu kichupa? unaruhusu filamu? unaruhusu tangazo? unaruhusu sauti yako ikatwe na kuwekwa kwenye wimbo mwingine? Kila sanduku na malipo yake. Pasipowekwa alama, hapana ruhusa. Akina mama wale hawakatai kazi. Nimekaa nao. Wanachotaka ni kuulizwa mara ya pili pale kazi inapotumika mara ya pili.

Ninaomba maofisa utamaduni wa halmashauri wapewe kazi hii wakiwa vijijini, waache kutuandikia barua za kuomba vikundi vya kupokea wageni tu. Chamwino kuna tamasha la muziki wa Cigogo ambalo limekuwa likikusanya vikundi vingi mahali pamoja tangu 2009. Wekeni meza pale. Kikundi kinashuka jukwaani, kinaandikisha majina ya wanachama, kinapigwa picha, kinarekodiwa vizuri, kinapewa namba yake. Na mimi nitakuja na kompyuta yangu, bure. Siku hiyo hiyo mtengeneza filamu anayetafuta zeze atakuwa na pa kulipata kihalali, na ile piano itapumzika.

Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao unakopesha watengeneza filamu na wanamuziki. Sharti liwe moja tu la nyongeza: anayekopa kwa ajili ya filamu aonyeshe fungu la muziki kwenye bajeti yake. Nimeona bajeti zenye fungu la droni, fungu la nguo, fungu la vocha, na muziki haumo kabisa.

Hilo la India la 2012 ni kubwa, linataka Bunge, na siwadanganyi kwamba litakuja kesho. Ila Bunge liko hapa Dodoma, na wabunge wetu wengi wameingia kwenye mikutano ya kampeni kwa nyimbo za vikundi hivi hivi. Wanajua thamani yake. Mtunzi wa wimbo ulioingia kwenye filamu asiweze kupoteza fungu lake lote kwa saini moja, hata awe na shida kiasi gani siku anaposaini. Sheria ikisema hivyo, mazungumzo mengine yote yatakuwa mepesi.

Kila mwaka hotuba ya bajeti ya Wizara husomwa bungeni, na huwa inataja filamu ngapi zilipitiwa na wasanii wangapi walisajiliwa. Katika hotuba ijayo nawaomba mtaje na hili: ni filamu ngapi na vichupa vingapi vililetwa na orodha kamili ya muziki, na ni vikundi vingapi vya ngoma za asili vililipwa kwa sababu ya orodha hizo. Mkiweza kutaja na mkoa, tafadhali anzeni na Dodoma.

Wenu katika kazi,

Mhariri wa picha,
Makole, Dodoma